Safari ya Samaki ya Bwana Pilimu

Baba yangu, Mburu, hakuwahi kuonja samaki maisha yake yote. Kwetu wakati huo samaki alihesabiwa kuwa jamaa ya nyoka, na mtu mzima aliyemla alichekwa mpaka na watoto. Lakini mwaka wa 1955 hakuna mtu katika bonde lote la Subukia aliyemsifu samaki kama yeye. Alimsifu asubuhi akipeleka chai, akamsifu tena mchana akiondoa sahani. Aliyesimuliwa ni bwana wake, mzungu mmoja aliyeitwa Pilbeam. Wafanyakazi walimwita Pilimu, maana ulimi nao una mipaka yake.

Sababu ya sifa zote hizo ilikuwa mama yangu na mimi.

Mama, Wanjugu, alikuwa amekwenda kujifungua kwa mama yake huko Kinangop. Akiwa huko, serikali ya kikoloni, kwa kuogopa wapiganaji wa msituni, ikawakusanya Wakikuyu wote wa pale ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, na bila pasi mtu hakutoka. Baba naye, mpishi wa mzungu, hakuruhusiwa kuvuka geti la shamba ila akiwa ndani ya gari la Pilimu. Dereva wa lori la maziwa alimletea habari kwamba nimezaliwa, ni msichana, tuko wazima. Halafu dereva mwenyewe akakamatwa, na habari zikakatika. Baba alikuwa akipika keki huku hajui sura ya mtoto wake wa kwanza. Mimi hasira hiyo bado ninayo, nisidanganye.

Ila dereva alikuwa amemwachia jambo moja. Karibu na kijiji cha akina mama kulikuwa na kijito kinachopata maji kutoka bwawa kubwa. Lango la bwawa likishushwa, kijito kinabaki mawe matupu. Likiinuliwa, kila Jumamosi asubuhi, maji yanajaa, na wanawake wa kijiji wanaletwa chini ya ulinzi kuteka na kufua. Maji hayo hayo ndiyo yaliyoamsha trauti, samaki wa mito ya baridi ambaye wazungu walikuwa tayari kumfuata popote.

Pilimu alitaka kwenda mto wa Mau. Alikwisha kutandaza ramani mezani.

"Ile ya Mau iko matope, bwana," baba akamwambia, akipanga vikombe. "Hii ya bwawa iko safi. Samaki mingi. Kubwa."

"Wewe jua namna gani? Wewe hapana kula samaki."

"Hapana kula, bwana. Lakini sikio iko."

Pilimu akacheka, akaviringisha ramani. Wiki nzima ikawa ni matayarisho. Samaki huyo hadanganywi kwa nyungunyungu, anadanganywa kwa inzi bandia wa manyoya na uzi, na manyoya mazuri ni ya shingo ya jogoo mwekundu. Baba alikuwa na jogoo mmoja tu, akamchinja. Alichagua nyoya moja moja, akamsogezea bwana taa, akamsifia kila inzi. Ndani ya sanduku la chakula, chini ya mikate, alificha kitambaa cha maua cha kunibebea mgongoni. Asubuhi moja tu ya kunishika mkononi, na kumwambia mama avumilie, bado yuko, anamngoja. Hakuomba zaidi ya hayo.

Ijumaa jioni Pilimu alikumbuka mizigo haijafungwa. Akamwita Kimutai, askari wa shamba, kijana Mkipsigis mtiifu kupita kiasi. Akamwamuru kwa Kiswahili chake kile kisicho na kichwa wala mkia:

"Mburu funga! Leo leo! Kesho mimi taka kwenda mapema."

Kimutai akapiga saluti. Mwezi ule alikwisha kufunga Wakikuyu wengine kwa amri fupi kuliko hiyo. Akaenda jikoni, akamshika baba mkono, akamtia katika stoo ya maua ya pareto na kuweka kufuli.

"We Kimutai, amesema nifunge mizigo!" baba akapiga kelele.

"Mimi nimeambiwa Mburu funga, mzee. Mizigo sikusikia."

"Basi nenda umuulize!"

"Nimuulize mara mbili, nifungwe na mimi? Kaa tu, mzee. Kesho atasema."

Kulipopambazuka Pilimu akaja kumtafuta mpishi wake, akaelezwa, akacheka mpaka akajishika mbavu. Mambo yangeishia hapo. Lakini baba alikuwa amekaa gizani na hofu kwamba gari limekwenda. Alipotoka alimwangukia Pilimu miguuni, akalia kwa sauti, akamsihi asimwache. Kicheko kikakatika.

"Kwa nini nalia? Kwa samaki wewe hapana kula?"

Baba akaona uongo hautamsaidia. "Bibi yangu iko kule, bwana. Na mtoto. Mimi hapana ona yeye bado."

Huruma ingeweza kumwingia Pilimu, labda ilimgusa kidogo. Kilichomshinda ni kugundua kwamba mto ule hakuuchagua yeye.

"Kumbe ni wewe napanga safari yangu," alisema. Kisha akamgeukia Kimutai. "Rudisha yeye ndani. Wewe nakwenda na mimi."

Jioni walimfungulia, kwa kuwa kulikuwa na samaki wa kukaanga. Baba alisimama mbele ya jiko akigeuza samaki kwa uma, na Kimutai akaja mlangoni ana furaha kweli kweli.

"Mzee, nimeona Mama Wanjugu! Alijua gari, akakuja mbio. Mtoto yuko mgongoni, mnono. Akaniuliza, Mburu yuko wapi?"

"Ukamwambia nini?"

"Ukweli. Nikamwambia, Mburu amefungwa."

Baba akaachia uma ndani ya mafuta. "Ukamweleza ni stoo? Ni mpaka jioni?"

"Askari wao alikuwa anapiga filimbi warudi. Akauliza tu, amefungwa miaka ngapi? Nikamwambia hiyo ni bwana anajua."

Hayo yote baba alinisimulia mwenyewe nilipokuwa mtu mzima. Upande wa mama niliupata kwa shida, kidogo kidogo. Alingoja. Lakini wanawake ambao waume wao walifungwa hawakupewa ruhusa ya kutoka kutafuta kuni, na mtoto alikuwa akikohoa. Mlinzi mmoja wa kijiji, Waithaka, hakuwa mtu mbaya. Alileta kuni, baadaye akaleta maziwa, mwishowe akaleta godoro lake.

Pasi zilipoondolewa, nami nimefika miaka mitano, baba alipanda basi hadi Naivasha, akaja kwa miguu kutoka huko, akauliza nyumba kwa nyumba. Mama alikuwa sokoni. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Nikaona mwanamume mgeni amevaa koti kubwa, ananitazama, nikamsalimia kama nilivyofundishwa.

"Unamtaka baba?" nikamuuliza. "Baba hayuko, ameenda kukamua."

Akasema haidhuru, akaomba maji ya kunywa.