Siku Nilizolala Kifudifudi

Naitwa Paskalina, mzaliwa wa Endamarariek, na kabla hamjaniuliza: ndiyo, nilikuwa bondia, tena mbishi. Asubuhi nalima na mama, jioni nakimbia barabara ya kupandia Ngorongoro mpaka getini, nakula vumbi la magari ya watalii. Nilipochaguliwa timu ya taifa kwenda kwenye ubingwa wa kimataifa wa ngumi za ridhaa, mama alilia, kisha akachinja kuku.

Ugonjwa ulianzia kambini. Nilipigwa jicho la kushoto mazoezini, nikaanza kuona vidoa vyeusi vinaelea, kama nzi kwenye maziwa. Baadaye vikaja vimulimuli, macho yote mawili. Nikanyamaza. Siku ya kupimwa nilikaa mwisho wa foleni, nikawasikiliza wenzangu wakisoma herufi za ukutani, nikazikariri zote. Nikafaulu. Nilijiona mjanja, kumbe mjinga mkubwa!

Pambano langu la kwanza kule ugenini, raundi ya pili, pazia jeusi likashuka jicho la kushoto. Ngumi zikawa zinatoka gizani. Nilishindwa, nikatapika, nikapelekwa hospitali. Daktari, mwanamke mpole, alizungumza nami kwa mkalimani wa kwenye simu. "Hili limeanza lini?" Kocha alikuwa amesimama kando ya kitanda. Nikasema, "Leo."

Kesho yake nilipasuliwa. Utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umebanduka. Daktari aliweka gesi ndani ya jicho ili iushikilie. Akaniamuru nilale kifudifudi siku kumi, na nisipande ndege mpaka gesi iishe, maana huko juu ingetanuka na kuliharibu jicho. Timu ikaondoka. Kocha alinishika bega, akasema, "Jikaze, Paska." Akaenda zake.

Jamani, upweke nimeuona! Mchana kutwa naangalia sakafu. Watu niliwajua kwa viatu. Mate yananidondoka, shingo inawaka moto, jicho limejaa tongotongo, na hakuna wa kuniambia hata "pole" nikaelewa. Nikawa naongea Kiiraqw peke yangu, kwa sauti, ili nikisikie tu. Mama akipiga simu namwambia niko salama. Nikikata, nalia.

Siku ya sita daktari alikuja kunitazama. Kocha hayupo, timu haipo, hakuna tena wa kumwogopa. Nikamwomba apige simu kwa mkalimani. Nikasema, "Nilidanganya. Ilianza miezi miwili iliyopita. Na jicho la kulia nalo linamulika." Nikasikia anavuta kiti. Akalichunguza upya lile la kulia, akakuta pamechanika, padogo sana, pembeni kabisa. Akapaziba kwa mionzi ya leza siku hiyohiyo.

"Ungenyamaza," akaniambia, "ungerudi kwenu ukishikwa mkono."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa ningali hai. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na mama aliyepiga simu kila siku bila kujua anaongea na mwongo. Jicho la kushoto linaona vivuli tu. Ngumi basi tena. Hili la kulia ndilo ninalowaonea ninyi mabondia chipukizi leo, hapa Karatu.

Kesho mnapimwa. Najua humu yumo anayeficha kitu. Usinyooshe mkono, sikuulizi. Anayeogopa kusema peke yake aje kwangu asubuhi. Tutaingia kwa daktari sisi wawili.