Kadi ya Idi niliyompelekea wifi yangu akiwa eda

Wakuu, salaam kwenu. Humu mimi ni msomaji wa kimya, ila hili limenikaa kooni. Ni kweli tupu, sina sababu ya kujitungia aibu.

Nipo Kilindoni, Mafia. Natengeneza kadi za kunukia nyumbani. Nakata karatasi za manila, naandika kwa kalamu ya dhahabu, halafu nazifungia siku mbili kwenye bati la biskuti lenye pamba iliyolowa mafuta ya waridi na udi.

Kadi haiguswi na mafuta, inavuta harufu yenyewe. (Ukiidondoshea imeharibika, msijaribu.)

Sasa turudi nyuma kidogo.

Kaka yangu alifariki miezi miwili kabla ya Idi. Siku ya hitima nilipita karibu na mkewe, nikasikia ananukia. Mjane aliye eda hagusi manukato, wote tunajua.

Mdomo wangu nao hauna breki. Nikasema mbele ya wanawake wote, "Udongo wa kaka haujakauka, mwenzetu keshajipaka."

Wifi akasema hakujipaka, labda ni wageni waliokuwa wakimkumbatia. Sikumsikiliza. Akalia, na tangu siku ile hatukusemezana. Binti yao, damu ya kaka yangu, akawa haletwi tena kwangu.

Niliumia, wakuu. Yule mtoto ana macho ya baba yake.

Basi Idi ilipokaribia nikaamua kujishusha. Kusema ukweli bado sikuwa nimemwamini, nilitaka tu yaishe. Nikamtengenezea wifi kadi nyeupe, bila harufu, nikaandika: "Nisamehe wifi yangu." Mvua ilikuwa inavuja jikoni, nikaiweka pamoja na bahasha mbili kwenye bati moja la zamani la kunukizia, nililokwisha kulifuta. Asubuhi nikainusa. Hakuna kitu.

Nikampa bodaboda aipeleke Kiegeani kwa mama yake wifi, anakokaa eda.

Haikupita nusu saa jirani yangu akaja kuchukua kadi zake. Akaokota bahasha tupu iliyobaki kwenye lile bati. "Hata hii umeitia harufu?"

Nikamwambia hiyo haina kitu.

"Haina? Pua yako imekufa, shoga. Umeinamia mafuta wiki nzima."

Yaani niliyemwaibisha mjane kwa manukato, leo nampelekea kadi ya manukato ndani ya eda. Nani ataamini si kejeli?

Nikapiga simu kwa yule bodaboda, haipatikani. Nikachukua bodaboda mwingine, nikamwambia akimbize. Njia nzima naomba yule wa kwanza awe amepata pancha, Mungu anisamehe.

Tumekaribia Kiegeani, nikapishana naye anarudi. Akanipungia mkono.

Nikaingia. Kadi ilikuwa juu ya mkeka, imefunguliwa. Wifi amekaa mbali nayo, kanga puani. Mama yake amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Umekuja kuangalia kama keshajipaka?"

Nikapiga magoti. Nikaanza kueleza mbio mbio, mara bati, mara mvua. "Wallahi wifi sikuitia kitu. Imeshika tu, ilikaa penye harufu."



Wifi akashusha kanga puani. Akasema taratibu, "Na mimi ndivyo nilivyokwambia siku ile."

Nililia kuliko nilivyolia msibani, na ndipo nikamwamini, miezi miwili nimechelewa.

Hakunikumbatia. Aliniambia niichukue kadi niibane kwenye kamba ya nguo uani, ipigwe na upepo. "Ikiisha harufu nitaiweka. Haijaisha, usiniulize kama nimekusamehe."

Naibana kwa kibanio, binti wa kaka akatoka na kibanio cha pili. Akaniambia kimoja hakitoshi, upepo wa huku unachukua vitu. Akabana upande wake, akarudi ndani.

Nilichojifunza: aliyezoea harufu ndiye wa mwisho kuisikia, na mimi nilikuwa nimezoea ya kwangu. Siku hizi nikitaka kumsema mtu nauliza kwanza, na jibu nalisikiliza mpaka mwisho.

Mliowahi kumhukumu mtu kwa kitu alichokishika tu kwa wengine, semeni mlirudije.

Na mwenye kujua njia ya kutoa harufu kwenye karatasi bila kufuta maandishi, naomba anisaidie. Leo siku ya tisa, kadi bado iko kwenye kamba.