Mtamba Niliyemtoa kwa Baiskeli ya Gia

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kama mtu angeruhusiwa kuchagua, ningekumbuka nyingine. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka uliofuata baada ya wakimbizi kuingia Ngara. Nilikuwa nimesimama kwenye kiwanja cha kanisa letu pale Mugoma, jasho linanitiririka, nimeshika baiskeli yangu nyeusi, namtazama Domisiani akikabidhiwa mbuzi. Mbuzi yule alikuwa wangu, au ndivyo nilivyoona mimi. Vijana wa parokia walikuwa wameandaa mbio za baiskeli kwenda Mabawe na kurudi, na mimi nilikuwa wa pili.

Nakueleza haya, Leokadia, kwa sababu juzi umeniomba niuze ng'ombe nikununulie baiskeli ya mashindano, ile nyepesi ambayo mtu anainyanyua kwa mkono mmoja. Binti wa Domisiani anayo, na amekushinda mara mbili. Nikuambie ukweli: uliponitajia jina la baba yake, nilikaribia kukubali kabla hujamaliza kuomba. Umri wote huu, na bado! Ndiyo maana nikakuambia nipe siku mbili nifikirie.

Domisiani alikuwa jirani yetu, na tulipata komunyo ya kwanza siku moja. Wakati ule kila kijana mwenye nguvu alikuwa akipeleka ndizi sokoni, ng'ambo ya mlima, ambako malori yalizichukua kwenda kambini. Huko kulikuwa na watu wengi kiasi kwamba kilima kizima kilionekana rangi ya bluu kwa plastiki za mahema, na walichoka kula mahindi ya mgawo. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kichina, nzito, yenye keria ya nondo, nikifunga mikungu mitano na kuisukuma mlimani. Domisiani hakuwa na baiskeli. Alijitwika mkungu mmoja kichwani, akapanda na kushuka, akarudi kuchukua wa pili.

Halafu akapata kibarua cha kuchimba mitaro ya mabomba ya maji kambini. Mzungu mmoja wa mradi wa maji, alipokuwa anarudi kwao, akamwachia baiskeli. Nyekundu, mwanangu. Yenye gia. Ukiizungusha pedali kinyume inalia tikitiki kama mashine ya kushonea. Lakini haikuwa na keria, kwa hiyo siku za kazi Domisiani aliitundika ukutani akaendelea kubeba ndizi kichwani. Watu walimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Siku ile ya Pasaka sikucheka. Kulikuwa na msichana wa kijiji cha Kirushya anaitwa Veronika. (Mama yako asikusikie ukilitaja jina hilo jikoni.) Wazee wetu walikuwa wameanza kuzungumza, na baba alikuwa ametenga mtamba wa mahari, wa kahawia, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Baada ya mbio, Veronika akaenda kwa Domisiani, akashika usukani wa ile baiskeli nyekundu, wakacheka pamoja juu ya jambo nisilolisikia. Wivu ukanipanda. Sitafuti neno zuri zaidi, ulikuwa wivu. Nikajiambia kuwa si yeye aliyenishinda, ni gia. Na kwamba Veronika hakumchekea yeye, aliichekea gia.

Basi baba aliposafiri kwenda Biharamulo kumwona shangazi aliyeolewa huko, nikaenda kwa Domisiani.

"Nipe hiyo baiskeli," nikasema. "Nakupa yangu, na mtamba juu."

"Mtamba kwa baiskeli? Wilbrodi, umelala vizuri wewe?"

Nikadhani ananibania. Nikarudi kesho yake, nikarudi kesho kutwa, na kila siku akiniuliza kama baba anajua, nami nikimjibu kuwa mtamba ni wangu. Siku ya tatu akakubali, nadhani ili nimwache apumzike.

Baba aliporudi akaenda zizini kabla hata ya kunawa. "Mtamba yuko wapi?" Nikamwonyesha baiskeli. Akaizunguka mara moja, akabonyeza siti yake kwa kidole, akauliza, "Na hii itazaa lini?" Kisha akaingia ndani. Hakuniuliza tena, na ningefurahi zaidi kama angenichapa.

Mbio nyingine zilikuwa Nane Nane. Nikaacha kubeba ndizi, maana keria haikuwepo, na hata ingekuwepo nisingethubutu kuikwaruza rangi ile. Nilisema napumzisha miguu. Kila asubuhi nilifuta spoki moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Jioni nilipanda hadi njia panda, pale penye tambarare, nikasimama mguu mmoja chini ili watu wanione. Mama akiniita shambani, namjibu niko mazoezini.

Domisiani naye alikuwa na ile yangu nyeusi. Majuma ya kwanza niliona anaisukuma mlimani na mikungu mitano kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Baadaye nikaona anarudi na keria tupu, amekaa juu, anapandisha bila kushuka. Baadaye tena anapandisha na mikungu miwili imefungwa nyuma. Nilimwona kwa macho yangu haya, kila siku, nikiwa nimekaa na baiskeli yangu safi, na kila siku nilimhurumia. Nilisema maskini, nimemwachia punda.

Nane Nane ikafika. Tulipotoka kanisani nilikuwa mbele, na watoto walikuwa wakishangilia ile nyekundu. Mlima ulipoanza nikapunguza gia, nikapunguza tena, nikapunguza hadi hakuna ya kupunguza. Miguu ikaanza kutetemeka. Nikawa nazungusha haraka haraka na siendi popote. Hapo nikasikia nyuma yangu pedali inalia, kwii, kwii. Nilijua sauti ile. Ilikuwa pedali yangu ya kushoto, ambayo mwaka mzima nilishindwa kuipaka mafuta.

"Twende, Wilbrodi," akasema alipofika ubavuni. Hakunidhihaki, na hilo ndilo liliniumiza. Akanipita amekaa, wala hakunyanyuka kwenye siti. Wakanipita na wengine wanne, wote wabeba ndizi. Nikamaliza nikiwa naikokota baiskeli nyekundu kwa mkono, na Veronika alikuwa amesimama pale pale aliposimama wakati wa Pasaka.

Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa nakuchekesha tu. Kosa kubwa lilikuja kesho yake.

Asubuhi Domisiani alikuja kwetu na mtamba kwenye kamba, na ile nyeusi ameiegemeza mgombani. "Chukua vitu vyako," akasema. "Nirudishie ile ya mzungu, yaishe. Najua mtamba huyu alikuwa wa nini."

Mwanangu, alikuwa ameniletea kila kitu mlangoni. Nilichotakiwa kusema ni asante. Nikamtazama, na nilichokiona ni mtu aliyeshinda jana ambaye leo amekuja kunionyesha kuwa ana moyo mzuri pia. Nikasema, "Sihitaji msaada wako."

"Mfikirie Veronika, basi."

Kulisikia jina lile kinywani mwake! Nikafunga mlango. Nilisimama nyuma yake nimeshika komeo, nikasikia kwato zinaondoka polepole, na bado nilikuwa na nafasi ya kufungua. Baba alikuwa nyuma ya nyumba, alisikia yote.

Jumapili Veronika akaningoja baada ya misa. "Ni kweli alikuletea ng'ombe ukamkataa?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye usukani wa ile nyekundu.

"Basi nimejua nafasi yangu," akasema, akaondoka na wenzake.

Mtamba yule alikwenda Kirushya kwa kina Veronika, kama baba alivyopanga. Alikwenda mwaka uliofuata, akiwa na ndama nyuma yake, na aliyeshika kamba ni Domisiani. Niliwaona wakipita barabarani. Baiskeli nyekundu wakati huo ilikuwa imekwama kwenye gia moja, na Ngara nzima hapakuwa na fundi mwenye kipuri chake.

Nimepata mke mwema baadaye, na nimekupata wewe, sina la kumlalamikia Mungu. Lakini kanisani hadi leo nachagua benchi la nyuma ili nitoke kwanza, nisiwaone wale wawili wakitoka pamoja. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu.

Leo asubuhi nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilikwenda kusimama pale mlimani kuangalia binti wa Domisiani anafanya nini siku ambayo hakuna mbio. Alipita kabla jua halijachomoza vizuri, amefunga madumu mawili ya maziwa, anapandisha bila kushuka. "Shikamoo baba," akasema, na pumzi yake imetulia. Nikaitikia marahaba. Ile nyepesi unayoililia ameiacha nyumbani, imetundikwa ukutani. Alikuwa amepanda baiskeli nyeusi ya kichina yenye keria ya nondo. Wamebadilisha taili, wamebadilisha siti, lakini pedali ya kushoto, mwanangu, bado inalia.

Kwa hiyo ng'ombe siuzi. Si kwa ubahili, na siku miguu yako itakapokuwa imeizidi baiskeli uliyonayo, njoo, tutazungumza upya. Kwa sasa chukua hiyo hiyo, funga madumu ya maji, panda mlima ule kila asubuhi, ushuke na kusukuma ukishindwa, hadi siku utakapofika juu umekaa. Ukimwona mwenzako anakupita, usiishie kutazama alichopanda. Amka mapema ukamtazame anavyofanya kazi. Na mtu uliyemwonea wivu akija mlangoni kwako na kamba mkononi, fungua. Hata kama unaona aibu, hata kama unalia, fungua.

Mungu akupe mapafu mapana na miguu isiyochoka. Akujalie kushinda bila kumdharau mtu na kushindwa bila kumchukia mtu. Uso umechukua wangu, na sauti umechukua yangu. Jicho langu hili la wivu, namwomba Mungu, nizikwe nalo peke yangu.