Babu Aliyezikwa Mara Mbili

Siku mumewe alipooa mke wa pili, mtaa mzima ulianza kumwita Bi Mkubwa, na yeye hata arobaini hakuwa ameifikia. Ukubwa huo hakuuomba. Alichokiomba maisha yake yote ni kitu kimoja tu: kuona jina lake limechapishwa juu ya maneno yake. Mungu naye, kwa hekima zake, akampa mume mwenye jina na asiye na maneno.

Mume huyo alikuwa karani wa matangazo katika gazeti la kila wiki. Mhariri alipotafuta mtu wa kuendesha safu ya ushauri wa ndoa, "Muulize Babu", yeye alinyoosha mkono kabla hajajua mkono huo utaandika nini. Akarudi nyumbani na barua za wasomaji kwapani. "Mke wangu, hebu nisafishie lugha kidogo." Bi Mkubwa akasafisha. Alisafisha wiki ya kwanza, akasafisha mwaka mzima, mpaka katika makala halikubaki neno la mumewe hata moja. Kilichobaki cha mume ni sifa, na hizo hakuhitaji msaada kuzibeba.

Hata alipohamia kwa mke mdogo, upande wa pili wa mji, safu hakuihama. Kila Jumanne alipiga hodi, shati limenyooshwa na mkono mwingine, akanywa chai, akachukua bahasha ya makala. Wanaume wengine wakimwacha mke humwacha kweli. Huyu alimwacha mke akabaki na mwandishi. Na Bi Mkubwa, mjinga wa mapenzi, kila Jumanne alijipaka wanja. Yote aliyoshindwa kumwambia usoni aliyatia katika majibu ya Babu: "Mwanangu, mume anayegawa siku bila kugawa moyo amegawa kalenda tu." Alidhani akisoma atajiona. Lakini bwana yule aliibeba bahasha kama tarishi, hakuwahi kuifungua.

Halafu asubuhi moja moyo ukamsimama kazini, katikati ya tangazo la kuuza magodoro. Bi Mkubwa alilia, na hakulia kwa ajili ya macho ya watu, alimpenda. Msibani Mhariri alisimama akasoma maneno ya Babu kuhusu subira ya ndoa, na waombolezaji wakaguna kwa uchungu. Bi Mkubwa, hapo mkekani alipokuwa, machozi yakimtiririka, aligundua kwamba sentensi ya tatu ilikuwa ndefu mno.

Haukupita muda Mhariri akaja kutoa pole, macho yakizunguka juu ya meza.

"Shemeji, marehemu hakuacha makala zozote?"

"Makala nilikuwa naandika mimi, shemeji."

Mhariri akamshika mkono kwa huruma. "Najua. Msiba unachanganya. Pumzika kwanza."

Bi Mkubwa akamtazama, akaona ukweli hapa hauna mnunuzi. "Basi ameacha," akasema. "Droo imejaa."

Ndivyo marehemu alivyoendelea na kazi. Tena aliandika vizuri kuliko alipokuwa hai, maana sasa hakuna aliyekuja kuharakisha bahasha. Alijibu barua zilizofika baada ya yeye kuzikwa, ambazo Bi Mkubwa alizichukua mapokezi ya gazeti. Alimshauri bibi harusi ambaye hata kuposwa alikuwa hajaposwa marehemu alipokata roho. Mhariri alipokea makala na kutikisa kichwa: "Ndugu yetu aliona mbali." Bi Mkubwa aliitikia kwamba kweli, mbali aliona, cha karibu ndicho kilichomshinda. Akifika nyumbani alilia kwa hasira. Kufunikwa na mume aliye hai alikwishazoea, lakini kufunikwa na maiti!

Jumamosi moja mchana hodi ikapigwa, na aliyesimama mlangoni alikuwa mke mdogo, gazeti mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kama umefuata vyombo, hakuacha."

"Sikufuata vyombo. Nataka kujua nani anaandika hii."

"Imetoka kwenye droo ya marehemu."

"Dada, usinifanye mtoto. Mtu yule hata barua ya kuomba ruhusa kazini nilimwandikia mimi." Akalikunja gazeti, akalikunjua. "Unajua kilichonifanya niolewe? Huyu Babu. Nilikuwa namsoma kila wiki, nikasema mwanamume anayemjua mwanamke hivi, hata mke wa pili nitakuwa. Nikaingia ndani, nikamngoja yule wa gazetini arudi nyumbani. Hakurudi hata siku moja. Nikimsomea makala anatikisa kichwa: 'Hapo nilisema vizuri.'"

Bi Mkubwa alikaa chini. Tangu ndoa ile ifungwe alikuwa akijiuliza binti huyu alimchukuaje mumewe. Kumbe aliyemtongozea ni yeye mwenyewe, wiki baada ya wiki, bila kukosea hata nukta. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Chake kilikuwa mkononi, na kina wino.

"Hata kwangu hakuwahi kuja," akasema. "Ndiyo maana nikamtunga."

Walicheka, kisha wakamlilia Babu wao, kisha wakapika, kwa kuwa njaa haina uke wenza.

Jumanne walikwenda gazetini wawili. Mhariri alimsikiliza Bi Mkubwa kwa huruma ileile. Mke mdogo alipofungua mdomo, huruma ikamtoka. Mke kumsifia mke mwenzake uongo ni jambo asilowahi kulisikia, kwa hiyo ilibidi liwe kweli. Toleo lililofuata, jina la Bi Mkubwa, lile alilopewa na mama yake, lilitoka juu ya safu kwa herufi nene. Aliligusa mpaka wino ukamshika kidoleni. Ila Mhariri, kwa kuogopa aibu, aliwaambia wasomaji tu kwamba Babu amepumzika kuandika.

Barua zikamiminika. Mke mdogo alisoma ya kwanza kwa sauti: "Mrudisheni Babu wetu. Huyu mama anajitahidi kumwiga, lakini ndoa ataijulia wapi?"

Siku hiyohiyo Mhariri akapiga simu, sauti imejaa asali. "Shemeji, tufanye hivi. Jina lako libaki, ila chini kidogo, kwa herufi ndogo. Juu tumrudishe Babu. Watu wamemzoea."

"Shemeji," akasema Bi Mkubwa, "mtu yule nimemzika mara mbili, mume makaburini na Babu gazetini, na mara zote mbili nimemlilia. Ukitaka kumfufua, mfufue. Ila safari hii umwandikie wewe."

Mhariri akakata simu. Jina likabaki lilipo.