Kula Mchana, Mlango Wazi

Kobe, kwetu Tabora, ni mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha. Jina hilo nimewabandika watu tangu utoto wangu. Mwaka juzi nilimkuta kijana wa bodaboda anafuta mdomo nyuma ya kibanda cha chipsi, nikampigia kelele, "Kobe huyo! Kobe!" mpaka wenzake wote wakageuka. Akainamisha kichwa, akawasha pikipiki, akaondoka. Mimi nikarudi kwenye cherehani yangu nikicheka. Mimi ni fundi nguo, nakaa barazani kutwa nzima, na ulimi wangu haujui likizo.

Basi mwaka jana daktari aliponiambia kisukari changu sasa ni cha sindano, na Ramadhani hiyo nisithubutu kufunga hata siku moja, sikumuuliza nitakula nini. Nilijiuliza nitakula wapi.

Nikafunga. Mke wangu alilia, "Baba watoto, umekatazwa wewe!" Nikamjibu asinifundishe dini. Alfajiri nikajidunga sindano kama kawaida, daku nikaligusa kidogo tu, tumbo lilikataa. Kusema kweli nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa nimewahi kuchoka. Uzi ulikuwa haupiti kwenye sindano, macho hayaoni. Miguu ilikufa ganzi kwenye pedali. Kanzu za Idi zilikuwa zimejaa mezani, na wateja hawana dogo. Kila swala nilimwomba Mungu anipe nguvu za kufunga. Uzima sikumwomba hata mara moja.

Cherehani ya pili pale barazani ni ya fundi mwenzangu, Mkatoliki wa Usoke. Mwaka huo Kwaresma yao ilikutana na Ramadhani yetu, tukawa tunashinda na njaa bega kwa bega, tunataniana. Yeye aliniita Alhaji, wakati safari yangu ndefu kuliko zote iliishia Dar es Salaam. Mimi nikamwita Paroko. Alikuwa ameacha soda kwa ajili ya Kwaresma, nami nikamwambia hiyo funga hata mtoto wa chekechea anaiweza.

Siku hiyo nilikuwa nampima mteja mabega. Jasho likanitoka, jasho baridi, futi ikaniponyoka mkononi. Nakumbuka nilitaka kuinama niiokote. Nilipopata fahamu nilikuwa chini, kichwa kimelala kwenye paja la Paroko, na mdomo umejaa utamu. Ananimiminia soda ya chungwa. Barazani, kando ya barabara, mchana kweupe, watu ndio kwanza wanatoka msikitini kuswali adhuhuri, na wengine wamevaa kanzu nilizoshona mwenyewe.

Nikajaribu kuitema. Akanishika taya.

"Meza, mzee! Meza, utakufa!"

Nikameza. Ikashuka kooni, na watu wananiona ikishuka.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Mmoja alinipepea kwa kofia yake, mwingine akanifuta ndevu zilizoganda sukari. Wote wakanipa pole. Mimi nimefumba macho kama maiti, kwa sababu sikuwa na pa kuyaweka.

Baada ya hapo nilijifungia. Chumbani nikaweka komeo, dirishani nikatundika khanga, mke wangu akawa ananiletea sahani imefunikwa kawa. Nilikula chakula changu mwenyewe kama mwizi. Msikitini sikwenda, hata tarawehe, nilisingizia miguu. Na ndani humo humo swala nikaanza kuziruka, maana nilimwonea haya hata Mungu. Nilijiona nimemwangusha mbele za watu.

Siku moja mke wangu alikuwa anachambua mchele, hakuniangalia hata usoni, akauliza, "Hivi ulikuwa unamfungia nani?"

Nikawaka. "Nimfungie nani tena, mwanamke wewe! Unauliza swali gani hilo?"

Akaendelea kuchambua mchele wake. Kumbe jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa naifungia baraza. Nilikuwa nawafungia wale niliowaita kobe, wasije wakaniita mimi. Mungu alikuwa amenipa ruhusa, kaiweka wazi, nami nikaikataa kwa ajili ya watu wanaokuja kupunguza suruali.

Nililia, mtu mzima na mvi zangu, ugali wa dona unapoa mbele yangu. Nikasema, "Yarabi, siwezi." Sikuwa na dua nyingine. Lakini ilikuwa dua ya kwanza ya kweli mwaka ule, na nilipoimaliza nikanawa, nikala, nikamaliza sahani. Jioni miguu ikanifikisha msikitini. Niliswali nimekaa kwenye kiti, nyuma kabisa.

Imamu aliniambia mambo mepesi tu: ugonjwa kama huu hautarajiwi kupona, basi kwa kila siku usiyofunga mlishe maskini, ndiyo fidia yake. Mke wangu akamtaja bibi mmoja wa njia ya Kwihara, ile waliyopita wazee wetu na misafara ya pembe. Anaishi peke yake, miguu imevimba, anaishi kwa dawa. Kesho yake mchana nikabeba hotpoti, nikaita bodaboda. Ikaja. Dereva ni yule kijana wa kibanda cha chipsi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikapanda nyuma yake. Nilikuwa nimekumbatia hotpoti, harufu ya mlenda wa karanga inatoka, na ni saa saba mchana. Tulipofika kwa bibi nilimwambia anishushe tu pale, aje kunichukua baadaye.

Bibi alipokea chakula, akaomba dua ndefu, kisha akaniuliza, "Wewe umekula?"

"Nimefunga, bibi."

Lilitoka lenyewe. Wallahi, nilisimama pale, fidia nimetoka kuikabidhi, nadanganya mchana wa Ramadhani.

Akaniangalia, akacheka mpaka akakohoa. "Umefunga nini wewe? Wanaoniletea chakula saa hizi wote nawajua. Kobe watupu, kama mimi. Hebu kaa hapo, kobe mwenzangu, chakula hiki ni kingi."

Nilikaa. Kabla sijanawa nikanyanyuka, nikausukuma mlango.

"Unafunga mlango wa nini?"

"Watu, bibi."

"Fungua. Giza hili nitakula vidole vyangu. Aliyeturuhusu anatuona humu humu."

Nikaufungua. Jua likaingia mpaka kwenye mkeka. Tukala, bibi anasifu karanga, mimi nasikiliza kila hatua ya njiani. Nilikuwa na tonge mdomoni pikipiki ilipokuja kusimama mlangoni pale pale. Yule kijana akazima injini, akachungulia. Akaona sahani, akaniona mimi.

Kwetu hatuli mtu akiwa amesimama mlangoni bila kukaribishwa. Hilo nililelewa nalo, na bibi alikuwa ananitazama, anangoja. Nikameza.

"Karibu tule," nikasema.

Nilingoja lile jina. Lilikuwa haki yake, na pale mlangoni lingesikika nyumba zote za jirani.

"Ahsante, mzee, nimefunga," akasema. "We kula tu, usiwe na haraka."

"Mungu akutakabalie."

"Amin."

Akaigeuza pikipiki taratibu, akaikalia akiwa ametupa mgongo, anaangalia barabarani, ili nile kwa nafasi yangu. Nikanyoosha mkono sahanini, nikala, machozi yananidondokea kwenye mlenda. Mwaka juzi, yeye alipokuwa anafuta mdomo, mimi sikumpa mgongo.