Mtani Aliyeteka Kalamu

Nilikosea siku ya kwanza, kabla hata sijakalia kigoda. Bibi niliyetumwa kwake aliniuliza ukoo wa mama yangu, nami nikautaja. Ningenyamaza, ningemaliza fildi yangu ya chuo kwa amani.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, mwanafunzi mzee kuliko wote darasani. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, tena ya kuungaunga. Nilijiunga na chuo kikuu kwa kozi ya cheti, masomo ya wazee na familia, kwa sababu mama alinifia mikononi na nilihisi kuna mambo niliyakosea katika kumtunza. Hilo sikumwambia mtu. Chuo kilimtuma kila mmoja wetu kwa mzee anayeishi peke yake, wiki mbili, na fomu ya maswali arobaini. Usipoijaza, unarudia mwaka. Mimi nilipangiwa bibi mmoja wa Mgeta, juu kabisa, mahali ambapo lori la kabichi linakushusha bondeni na mlima unaupanda kwa miguu na mikono.

"Ukoo huo?" Bibi akapiga makofi. "Basi wewe ni mtani wangu! Wazee wetu walizikana." Akanipokonya kalamu, akaichomeka kwenye kilemba chake. "Hii imetekwa."

Kwetu Waluguru, koo mbili zikiwa na utani, mtani anakuchokoza na kukuchukulia kitu chako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Akikujibu kwa adabu, ni kama amekukana. Ndipo shida yangu ilipoanzia.

"Bibi, unajisikia mpweke?"

"Tangu ulipofika, nautamani upweke."

"Unalala vizuri?"

"Nalala. Anayekoroma ni wewe."

Swali la kumi lilikuwa la kupima kumbukumbu. Nikamtajia maneno matatu ayashike: ndoo, kitanda, mbuzi. Baada ya dakika tano nikamwomba ayarudie. Hakuinua hata macho kutoka kwenye njegere alizokuwa akimenya.

"Mbuzi nitamtaja akishafika hapa na kamba shingoni."

Wiki ya pili ikaingia, fomu nyeupe. Wenzangu wakanitumia ujumbe kwamba wao wamejijazia tu, wazee wao hata hawakusumbuliwa. Nikashuka dukani, nikanunua kalamu nyingine, nikajificha nyuma ya banda la nguruwe. Nikatia alama ya vema kwenye neno "mpweke". Nikaitazama, nikaikata. Mtu aliyecheka tangu asubuhi mpaka jioni kwa sababu ya viatu vyangu hakuwa mpweke. Niliporudi uani, kalamu hiyo nayo ikatekwa.

Ijumaa mwalimu wangu alikuwa anakuja kukagua. Asubuhi hiyo tulikuwa tunapanga karoti kwenye tenga, nikamtaja marehemu mama, bibi akauliza ghafla, "Mama yako alipokufa, watani walimchezea?"

Nikasema hapana. Tulikuwa tunaishi kule Mzinga, mbali na ukoo. Alikufa alfajiri, tukamzika alasiri ya siku hiyohiyo, watu wa milimani walipofika kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Hakuna aliyevaa nguo zake na kumwigiza, hakuna aliyelala kaburini akidai kitu ndipo atoke.

"Mkamfukia kimyakimya, kama mmeiba? Haya, simama. Alikuwa anatembeaje?"

Nikaona aibu. Akanisukuma kwa tenga. Basi nikaonyesha: mkono kiunoni, mguu wa kushoto ukiburuzwa, kidole mbele kikinionya juu ya chai iliyopoa.

Bibi akajifunga khanga yangu, akashika kiuno, akaanza kuuzunguka ua. "Hii ni chai au maji ya kunawia? Nimezaa mtu au nimezaa jiwe?"

Mama hakuwahi kufika Mgeta, na bibi hakuwahi kumwona. Lakini alikuwa yeye kabisa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia, kwa sauti, kama ambavyo sikuwahi kulia msibani. Bibi hakunibembeleza. Alijilaza chali kwenye tuta la karoti, akafumba macho, akasema hatoki humo mpaka apewe ugoro.

Mwalimu alitukuta hivyo, suruali yake ina tope mpaka magotini.

"Nani hapa anamhudumia mwenzake?" akauliza. "Fomu iko wapi?"

Nikampa. Akaigeuza mbele na nyuma. Ilikuwa na jina la kijiji na alama moja iliyokatwa.

"Hajanijibu hata swali moja, mwalimu. Na kujijazia nimeshindwa."

"Kwa hiyo unajua utarudia mwaka."

Bibi akafumbua jicho moja. "Mwalimu, huyu kaniletea maneno matatu tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Ndoo, kitanda, mbuzi. Ndoo ninayo, kitanda ninacho. Mbuzi yuko wapi?"

Mwalimu akalisoma swali la kumi. Dakika tano, ndivyo lilivyosema. Akahesabu kwa vidole: siku tisa.

"Andika hilo," akaniambia. "Na yote aliyokujibu, kama alivyoyasema. Nakupa mpaka Jumatatu."

Nikasema sina kalamu. Akachomoa ya kwake mfukoni, nzuri, ya rangi ya fedha. Bibi akainuka mzimamzima kutoka tutani, udongo ukimporomoka mgongoni, akaitazama kwa macho ambayo mimi nilishayazoea.

"Na wewe, mwalimu," akasema taratibu, "ukoo wa mama yako ni upi?"