Mguu wa Fundi Pindo

Jirani yangu tunamwita Fundi Pindo, kwa sababu pindo la suruali aliyoshona yeye hata ulimulike kwa tochi, uzi huuoni. Ana ulimi mkali. Mteja akinung'unika, humwambia akajishonee mwenyewe. Ndiyo maana tunapatana, na mimi subira sina.

Mguu wake wa kulia ulianza kugoma kwenye pedali ya cherehani. Akadhani ni uchovu tu. Kisha akawa anapepesuka asubuhi na mapema, watu wakacheka kwamba amelewa, na waliocheka sijawasamehe mpaka leo. Hospitali wakamwambia ni MS, ugonjwa unaochubua utando unaofunika mishipa ya fahamu. Dawa peke yake haitoshi, wakasema, afanye mazoezi: ainuke kitini bila kujishikilia, atembee kidogo, apumzike kabla hajachoka, arudie.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, mwema hadi anaudhi. Katika yote hayo alisikia neno moja tu, apumzike. Haikupita wiki akaing'oa pedali, akafunga mota. Akaikata miguu ya meza ya vitambaa ili mkewe akate akiwa amekaa. Maji anamletea, mkasi anamletea, akitaka kwenda uani anambeba. Mtaa mzima tukamsifu. Kumbe mguu unazidi kulegea kwa kukosa kazi. Waliporudi kliniki, mtaalamu wa mazoezi hakumung'unya maneno: wakiendelea hivyo, mama huyu hatasimama tena.

Mshauri wa pale kliniki akawakalisha wote wawili. Akamuuliza Fundi, miguu anaitakia nini hasa.

"Nisimame nimpime mteja mabega. Fundi wa kupimiwa na wenzake ni fundi gani?"

Mume akaja juu. "Na akianguka je?"

"Nitaanguka, baba watoto. Wewe umeshanizika, unaniletea maji kaburini."

Walirudi nyumbani hawasemeshani.

Siku chache baadaye nilikwenda kwao kushonesha sketi. Fundi akainuka, tepu shingoni, aje anipime kiuno. Hakufika. Mguu ulikataa, akaenda chini mzimamzima. Mumewe akaruka.

"Usiniguse!"

Mume akaganda palepale, mikono nyuma, machozi yanamtoka. Mimi nilitamani kumzaba mtu kofi, ila sikujua nani.

Fundi akajigeuza ubavu kama walivyomfundisha kliniki, akapiga magoti, akashika kiti. Mguu wa kushoto akausimamisha. Ule wa kulia ukatetemeka, akaulazimisha, ukatetemeka tena, ukagoma. Jasho linamtiririka. Akalaza paji la uso juu ya kiti, tukabaki tunamsikiliza anavyohema.

"Haya," akasema bila kumtazama mumewe. "Mwisho wangu ni hapa. Sasa njoo unishike."